Mapishi Yaliyopita Entebbe

Kuku wa kupaka hupitia moto mara mbili. Kwanza huchomwa kwenye makaa mpaka ngozi ianze kubabuka, kisha hupakwa rojo zito la tui la nazi lenye tangawizi, kitunguu saumu, bizari, pilipili na ndimu, na kurudishwa jikoni mpaka rojo limshike. Mombasa, Lamu na Unguja hupikwa bila kitabu. Anayetaka kumsoma kwa vipimo, kijiko kwa kijiko, atamkuta katika vitabu vilivyochapishwa Kanada na Uingereza, ambako jina lake limefupishwa likawa kuku paka. Wengi walioviandika ni wanawake wenye asili ya India waliozaliwa Afrika Mashariki, au binti zao.

Vitabu hivyo vinastahili kusomwa kama historia ya huku kwetu.

Safari ya Wahindi kuja pwani hii ilianza zamani. Majahazi kutoka Kutch na Kathiawar yalishuka na kaskazi, yakileta nguo na shanga, yakisubiri kusi ili yarudi na pembe za ndovu, na baadaye karafuu. Mfanyabiashara Allidina Visram alifika pwani mwaka 1863 akiwa bado kijana mdogo. Alianza kazi Bagamoyo, akafuata njia za misafara, na alipofariki mwaka 1916 maduka yake yalikuwa yametapakaa mpaka Uganda. Kisha ikaja reli. Kati ya 1896 na 1901 wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga kutoka Mombasa hadi Kisumu. Wengi wao walirudi kwao mkataba ulipokwisha, na wapatao 6,700 walibaki.

Majiko waliyoyakuta huku yalikuwa na mambo yake tayari. Msafiri Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 aliandalia wasomaji wake karamu nzima: wali uliopikwa kwa samli, kitoweo cha nyama, kuku, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na pembeni maziwa ya mgando pamoja na achari ya malimau, tangawizi mbichi na maembe. Kwa hiyo mama wa Kigujarati aliyeshuka Mombasa karne tano na ushei baadaye hakuleta viungo penye chakula cha chapwa. Alichokutana nacho ni nazi nyingi kupita alivyozoea, muhogo ambao Wareno walikuwa wameutoa Brazili, na watu waliojua la kufanya na vyote viwili.

Hapo ndipo majiko yalipochanganyika. Mahindi yakapikwa kwa tui. Muhogo ukakaangwa, ukanyunyiziwa pilipili na ndimu. Mandazi yenye hiliki na mbaazi za nazi vikawa kifungua kinywa cha Jumapili katika nyumba zilizokuwa zikizungumza Kigujarati na Kikutchi. Upande wa pili, chapati zikatoka kwenye nyumba za Wahindi na kantini za reli zikapanda bara, hata leo familia nyingi za Kenya hazioni Krismasi imekamilika bila rundo la chapati mezani. Bajia, kachori na chai iliyochemshwa pamoja na maziwa vilisafiri njia hiyo hiyo.

Kisha watu wakaanza kuondoka. Kenya ilipoweka masharti mapya ya uhamiaji na leseni za biashara mwaka 1967, Wahindi wenye pasipoti za Uingereza walianza kukimbilia London, mpaka Bunge la Uingereza likapitisha haraka sheria ya kuwazuia mwezi Machi 1968. Tanzania ilitaifisha majengo ya kupangisha mwaka 1971, na familia nyingi zikaelekea Kanada. Lililoumiza zaidi ni la Uganda. Mwanzoni mwa Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi wanapaswa kuondoka, akawapa siku 90. Uingereza ilipokea watu wapatao 28,000, na Kanada maelfu mengine.

Barabara ya kutoka Kampala kwenda uwanja wa ndege wa Entebbe ilijaa vizuizi vya askari. Masanduku yalifunguliwa, na saa na bangili zikavuliwa mikononi mwa wenyewe. Fedha iliyoruhusiwa kutoka ilikuwa kidogo mno, takriban pauni 50 kwa familia. Mapishi yalipita, kwa kuwa hayakuwa yameandikwa popote. Yalikuwa kichwani na mikononi mwa wanawake waliopika kwa kukadiria, chumvi kwa kuonja, unga kwa kuugusa.

Ndiyo maana kuyaandika kulikuwa kazi ngumu. Noorbanu Nimji, mzaliwa wa Nairobi, alihamia Calgary na familia yake mwaka 1974. Huko alifundisha upishi katika jamii yake ya Waismailia, na mwaka 1986 akatoa mwenyewe kitabu cha kwanza cha mfululizo wake, A Spicy Touch. Vingine vilifuata, na mwaka 2015 kikaja kimoja alichoandika pamoja na Karen Anderson. Jamaa waliotawanyika kati ya Kanada, Uingereza na Marekani walinunuliana vitabu vyake kama zawadi.

Ugumu wa kazi hiyo unaonekana jikoni kwa urahisi. Huku pwani nazi hukunwa kwa mbuzi, chicha hukamuliwa kwa kifumbu, na tui la kwanza hutengwa na tui jepesi kwa sababu kila moja lina wakati wake wa kuingia sufuriani. Tui la kopo halina tofauti hiyo. Mpishi aliyelifungua ughaibuni alilazimika kuamua upya maji kiasi gani yaongezwe ili apate jepesi, na litiwe lini ili zito lisikatike. Makaa nayo yalibadilishwa na moto wa juu wa oveni. Kila kipimo kilichochapwa katika vitabu hivi ni uamuzi wa mtu aliyejaribu kuurudisha mkono wa mama yake kwa vifaa ambavyo mama huyo hakuwahi kuvishika. Kazi hiyo ina heshima sawa na ya mtu anayehifadhi hati za kale, na ni haki ihesabiwe hivyo.

Yasmin Alibhai-Brown, aliyezaliwa Kampala mwaka 1949 na kusoma Makerere, alichukua njia nyingine. Kitabu chake The Settler's Cookbook ni kumbukumbu za maisha zilizopangwa kwa vyakula: ndoa, ubaguzi, shule, uhamisho, vyote vikisimuliwa kwa pishi moja baada ya jingine. Haoni haya kusema kwamba jamii yake iliyobaguliwa nayo ilibagua Waafrika. Kizazi kilichofuata kina Meera Sodha, aliyekulia Lincolnshire na wazazi waliotoka Uganda. Kitabu chake cha kwanza, Made in India, kilitoka mwaka 2014, nacho kilizaliwa kutokana na mapishi ya mama yake.

Kuna watu wanaokosekana katika rafu hiyo yote. Nyumba nyingi za Wahindi wenye uwezo ziliajiri wapishi na mayaya Waafrika. Wao ndio waliokuna nazi, wakakoroga sufuria, wakachagua muhogo usio mchungu sokoni, na mara nyingi wakawafundisha wenye nyumba kipi kinaiva kwa nini. Majina yao ni nadra kuchapwa. Lugha yao imebaki kwenye majina ya vyakula: kuku wa kupaka, mkate wa kumimina, kitumbua. Wazee waliofanya kazi hizo Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wanazidi kupungua, na mtu wa kuwauliza, mwenye daftari na subira, anahitajika sasa hivi kuliko mchapishaji wa kitabu kingine cha picha nzuri.

Uganda nayo ilibaki na sehemu yake. Wenye maduka walipoondoka, chapati hazikuondoka. Vijana wa Kampala wakazishika wakaziuza barabarani, na katika maeneo kama Wandegeya, karibu na Makerere, zikaanza kuviringwa na mayai yaliyokaangwa pamoja na nyanya, vitunguu na kabichi. Waganda wanaiita rolex. Mwaka 2016 Kampala iliifanyia tamasha lake yenyewe, na wanaoikaanga alfajiri kando ya vituo vya mabasi huibonyeza chapati kwa ncha za vidole wajue kama imeiva.