Karatasi ya aramidi

Karatasi ya aramidi ni karatasi ya kuhami umeme inayotengenezwa kwa nyuzi za sintetiki badala ya massa ya miti. Iliyo maarufu zaidi ni Nomex ya kampuni ya DuPont ya Marekani, iliyoingia sokoni mnamo 1967. Nyuzi fupi huchanganywa ndani ya maji na chembe laini za kugandisha, zikatandazwa kama karatasi nyingine yoyote, kisha zikabanwa kati ya rola za moto hadi zishikane.

Sifa yake kubwa ni kustahimili joto. Karatasi ya selulosi iliyolowa mafuta ya transfoma huwekwa katika daraja la 105°C. Karatasi ya aramidi hufikia 220°C. Haiyeyuki, na ikiungua hugeuka mkaa. Ndiyo maana fundi wa kusuka mota huikata vipande na kuvikunja ndani ya mifereji ya chuma kabla ya kulaza waya wa shaba. Hutumika pia katika transfoma kavu, zinazofaa kuwekwa ndani ya majengo kwa kuwa hazina mafuta ya kushika moto. Ikichovywa katika rezini ya fenoli, huundwa masega mepesi ya sakafu na kuta za ndani za ndege.

Bei yake ni kubwa kuliko ya selulosi, lakini treni za umeme, mitambo ya upepo na magari ya umeme vinaongeza mahitaji. Viwanda vya China navyo vimo sokoni.