Senti Isiyoshika Kutu

Kabla ya rupia kufika magharibi ya Kenya, utajiri wa Wabukusu wa Bungoma ulitembea kwa miguu yake wenyewe. Mtu alihesabiwa kwa ng'ombe wake, na vitu vidogo vilinunuliwa kwa nafaka, kwa kuku au kwa jembe. Jembe la mhunzi lilikuwa mali ya kweli, ila lilikuwa na maadui wawili: udongo uliolila kazini, na kutu iliyolila lilipopumzika.

Mwaka 1895 Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza huko Lumboka na Chetambe, wakashindwa. Nchi yao ilihesabiwa katika Himaya ya Uganda mpaka mwaka 1902, ilipotiwa katika Himaya ya Afrika ya Mashariki. Kodi ya nyumba ikafuata. Mwanzoni watozaji walikubali mifugo na majembe. Lakini mbuzi hufa njiani, na jembe halihesabiki vizuri daftarini. Serikali ilitaka sarafu. Basi pakazuka swali ambalo si dogo kama linavyoonekana: sarafu hiyo ipigwe kwa madini gani?

Rupia yenyewe ilikuwa ya fedha, nayo ilikuwa kubwa mno kwa mtu anayenunua chumvi ya chakula cha jioni. Kwa hiyo iligawanywa senti 100, na mwaka 1907 zikatolewa senti za alumini, miongoni mwa sarafu za kwanza za madini hayo duniani. Zilikuwa nyepesi kama jani kavu. Lakini alumini ni laini, na chumvi na unyevu huichimba. Ilipofika mwaka 1909, senti moja na nusu senti zilikuwa zikipigwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, kama ilivyokuwa tayari kwa senti kumi.

Mchanganyiko huo wastahili kutazamwa. Kwa kawaida sehemu tatu ni shaba na sehemu moja ni nikeli, na hata hivyo rangi yake ni nyeupe, kwa maana robo hiyo ya nikeli humeza wekundu wote wa shaba. Madini hayo mawili yakiyeyushwa pamoja huingiana kabisa, kama maji na maziwa. Yakiisha kuganda, juu yake hufanyika utando mwembamba usioonekana kwa macho, ambao huzuia hewa na maji kupenya ndani. Kutu ya chuma hubanduka na kukiacha chuma uchi. Utando huu hushikilia, na ukikwaruzwa hujirudisha. Ndiyo sababu mabomba ya kupozea mvuke melini, yapitamo maji ya bahari mchana na usiku, hufanywa kwa shaba na nikeli. Nikeli ikizidishwa mpaka kufika kama thuluthi mbili, hupatikana Monel, madini magumu yaliyotengenezwa mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo hutumika kwa mihimili ya pampu na vali zinazoguswa na chumvi au asidi.

Senti zile zilitobolewa tundu katikati ili zitungwe katika kamba, maana wengi hawakuwa na nguo zenye mifuko. Jasho halikuziharibu, wala chungu kilichofukiwa ardhini. Kuzipata ndiko kulikokuwa shida. Haja ya kulipa kodi iliwatoa vijana wa Bungoma makwao, ikawapeleka kwenye mashamba ya mahindi ya walowezi wa Trans Nzoia, kandokando ya Kitale, mji uliofikiwa na reli mwaka 1926. Tangu miaka ya 1919 na 1920 mfanyakazi alivaa shingoni kitu kingine cha madini: kikebe chenye kipande chake, ambacho kilimwonyesha askari yeye ni wa tajiri gani. Senti ilipotea kwa mtoza kodi, kikebe kilibaki.

Kisha hesabu ya rupia ikafutwa. Mwaka 1920 ilikuja florini, na mwaka 1921 shilingi. Mwaka huo huo wa 1921 walowezi walikata shauri kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Hapo twaona kwamba hakuna mchanganyiko wa madini uwezao kulinda ujira wa mtu.

Shilingi ya mwaka 1921 ilikuwa na robo tu ya fedha. Lugha yetu huita madini hayo na pesa kwa jina moja, lakini mwaka 1948 majina hayo yaliachana, kwa kuwa shilingi ya Afrika ya Mashariki ilipigwa kwa shaba na nikeli bila chembe ya fedha. Uingereza nayo ilikuwa imefanya hivyo kwa sarafu zake mwaka 1947, kwa sababu ilidaiwa fedha nyingi iliyokopa Marekani wakati wa vita. Mvunaji wa mahindi wa Kitale hakuulizwa neno.

Kenya huru ilipotoa sarafu zake mwaka 1966, shilingi ilibaki ya shaba na nikeli. Baadaye gharama zikaamua vingine. Shilingi moja iliyotolewa Desemba 2018, yenye picha ya twiga, ni chuma kilichovikwa nikeli kwa juu tu.