Ukikamatwa Guangzhou, unaweza kunyamaza?

Juzi alfajiri nilikuwa Shahe, kwenye soko la nguo za jumla, nasubiri mzigo wangu ufungwe. Kijana mgeni toka Kariakoo akaniuliza: "Kaka, polisi wa huku wakinikamata, si nakaa kimya tu mpaka wakili aje?"

Nikacheka, lakini swali lilinikaa kichwani. Maneno ya kwenye sinema, "una haki ya kukaa kimya", yametokana na kesi ya Miranda iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1966. China hayapo. Sheria ya hapa ya mwenendo wa makosa ya jinai inasema mtuhumiwa ajibu kwa ukweli maswali ya wapelelezi. Anaruhusiwa kukataa yale tu yasiyohusu kesi. Kuna na msemo wa zamani wa polisi: anayekiri huhurumiwa, anayekaidi hukazwa.

Sasa niwape historia ya hapa hapa, wilaya ya Tianhe, ambamo Shahe imo.

Usiku wa Machi 17, 2003, kijana Mchina aitwaye Sun Zhigang alikuwa anakwenda intaneti kafe. Alikuwa na miaka 27, msanifu wa michoro mwenye elimu ya chuo, mwenyeji wa mkoa wa Hubei. Alikuwa na kazi kwenye kampuni ya nguo, na Guangzhou hakuwa amemaliza hata mwezi. Polisi wakamsimamisha. Hakuwa na kibali cha kuishi kwa muda, na kitambulisho alikiacha nyumbani. Wakampeleka kituo cha Huangcun.

Sun hakunyamaza. Alijieleza, na rafiki yake alipeleka kitambulisho, lakini hakuachiwa. Akahamishiwa kwenye kambi ya kurudisha watu makwao, halafu zahanati ya wazuiliwa. Machi 20 alikufa. Kwanza walisema ni maradhi, lakini uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa alipigwa.

Aprili 25 gazeti la Southern Metropolis Daily la hapa Guangzhou likaandika habari hiyo, na nchi nzima ikawaka. Mei, wasomi watatu wa sheria waliandikia Bunge wakitaka utaratibu ule wa mwaka 1982 uchunguzwe. Juni mahakama ikawatia hatiani watu 12, na ilipofika Agosti 1, 2003 utaratibu ule ukafutwa. Fikirieni, sheria ya miaka 21 imeondoka kwa kifo cha kijana aliyekuwa anakwenda intaneti kafe!

Je, mambo ya mahojiano yalibadilika? Kidogo kidogo. Huko Henan, Zhao Zuohai alikamatwa mwaka 1999, akateswa, akakiri kumuua jirani yake. Mwaka 2010 "marehemu" akarudi kijijini kwa miguu yake mwenyewe! Marekebisho ya sheria yaliyoanza kutumika mwaka 2013 yakakataza kumlazimisha mtu kujitia hatiani, na mahojiano ya kesi kubwa sana yakatakiwa kurekodiwa kwa video. Ila kifungu cha "jibu kwa ukweli" kimebaki pale pale. Vifungu viwili vinavutana ndani ya kitabu kimoja.

Kwetu je? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania ya mwaka 1985 inamtaka polisi akuambie kwamba hulazimiki kujibu zaidi ya jina na anwani. Kenya wameiweka haki ya kukaa kimya ndani ya Katiba ya 2010. Kwenye karatasi tumewazidi Wachina. Lakini ndugu zangu, nani kati yetu aliwahi kuambiwa hayo kaunta pale kituoni?

Kijana nilimjibu hivi: tembea na pasi yako kila siku, sheria inakutaka. Kama umelala nje ya hoteli, jiandikishe polisi ndani ya saa 24. Ukihojiwa, omba mkalimani, ni haki yako. Na usisaini maandishi usiyoyaelewa. Unaruhusiwa kusomewa na kudai marekebisho.

Ukimya peke yake haumlindi mtu, na ukweli peke yake haukumlinda Sun. Kilichowalinda waliomfuata ni watu waliokataa kunyamaza baada ya yeye kunyamazishwa.

Mzigo umeshafungwa. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.