Amplifaya ya gari inapokataa kuwaka

Muziki unapozimika ghafla ndani ya matatu, wengi hukimbilia kununua amplifaya nyingine, ilhali aghalabu kasoro huwa kwenye nyaya. Chombo hiki hakiwaki bila nyaya tatu: wa betri, wa ardhi uliofungwa kwenye bodi, na ule mwembamba wa kukiamsha utokao kwenye redio. Washa redio, kisha upime kwa mita. Nyaya za betri na redio zapaswa kuonyesha takriban volti 12. Wa betri ukikosa umeme, kagua fyuzi iliyo karibu na betri. Waya wa ardhi ndio msumbufu zaidi. Rangi au kutu chini ya skrubu hutosha kukata umeme. Kwangua chuma hadi king'ae. Fyuzi iliyoungua isizibwe kwa kipande cha waya, ujanja wapendao baadhi ya mafundi, kwani waya mkuu waweza kushika moto abiria wakiwa ndani.