Namba ya Mbele

Na Mwanafunzi wa Zamani (1972–1975)

Waliohudhuria mkutano wetu uliopita watakumbuka kwamba baada ya chakula cha mchana ukumbi ulibaki mtupu. Watu walikuwa nje, chini ya miembe, wamelizunguka gari. Mwenzetu mmoja wa darasa letu (jina lake nalisitiri kwa kuwa hakunipa ruhusa, ingawa waliolala bweni letu wameshamtambua) alikuja na Datsun 240Z nyekundu ambayo aliinunua ikiwa gofu, akaihangaikia kwa miaka sita mpaka ikanguruma tena. Kijana wa Kidato cha Pili akasogea, akaamkia kwa adabu, kisha akauliza: "Babu, mbona gari lako halina namba mbele?"

Mwenzetu akajibu kwamba gari zuri halitobolewi pua. Wazee tukaangua kicheko. Kijana hakucheka, alingoja jibu, na jibu hakulipata. Ndugu Mhariri aliponitaka niandike jambo la historia kwa ajili ya gazeti hili, nilimkumbuka kijana yule. Nadhani tunadaiwa jibu.

Kwanza yafaa ijulikane kwamba kibao cha namba kina umri karibu sawa na gari lenyewe. Amri ya polisi ya Paris ya tarehe 14 Agosti 1893 ndiyo iliyotangulia. Ilimtaka mwenye gari abandike kibao chenye jina lake, anwani yake na namba. Wakati huo magari ya Paris yalikuwa ya kuhesabika, lakini tayari wakuu wa mji waliona kwamba kitu kinachokwenda kasi kuliko farasi na kisichojulikana ni cha nani kitaleta matata. Huko Marekani, jimbo la New York liliagiza mwaka 1901 kwamba kila mwenye gari aweke herufi za kwanza za jina lake, tena ajitengenezee mwenyewe. Watu wakachonga mbao, wakashona ngozi, wengine wakapaka rangi tu. Mwaka 1903 Massachusetts ikaanza kutoa vibao vya serikali.

Uingereza, ambayo sheria zake ndizo zilizotufikia sisi huku, ilipitisha Sheria ya Magari mwaka huo huo wa 1903, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1904. Ndiyo iliyopandisha mwendo halali kuwa maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32 hivi, na ndiyo iliyoamuru namba iwekwe mbele na nyuma. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja kwa makusudi. Serikali iliwaambia wenye magari: mtaruhusiwa kukimbia zaidi, lakini mjulikane. Mabwana wengi walichukia. Walisema wanatiwa alama kama wahalifu. Tukumbuke kwamba gari wakati ule lilikuwa la tajiri, na aliyerukia mtaroni kulikwepa alikuwa mkulima au mtoto wa shule. Kibao kilikuwa silaha ya pekee ya yule aliye mtaroni.

Basi tangu mwanzo mchoraji wa gari na mtunga sheria walikuwa na shabaha mbili tofauti. Mtunga sheria alitaka bati bapa, lisimame wima, lisomeke kwa mbali. Mchoraji alitaka pua iliyochongoka ipasue hewa. Katika gari la kawaida ugomvi huu hauonekani, maana mbele yake ni ukuta na kibao hukaa ukutani. Katika gari la spoti ukuta haupo.

Mfano mashuhuri ni Jaguar E-Type, iliyozinduliwa Geneva mwezi Machi 1961. Umbo lake lilichorwa na Malcolm Sayer, mtu aliyejifunza kazi yake katika kiwanda cha ndege cha Bristol, na aliyekwisha kuchora D-Type iliyoshinda Le Mans mwaka 1955, 1956 na 1957. Sayer alikokotoa mikunjo ya bati kwa hesabu kama ya ubawa wa ndege. Mbele akaacha tundu dogo la mviringo uliobanwa, basi. Bampa ni vipande viwili vyembamba pembeni. Sasa kibao kiwekwe wapi? Ukikining'iniza mbele ya tundu, unaziba pumzi ya rejeta, na gari lile lilikuwa na sifa mbaya ya kuchemka hata bila kuzibwa. Ukikiweka chini ya tundu, tatizo jingine linazuka: boneti ya E-Type ni pua yote pamoja na mabawa ya magurudumu, na hufunguka kwa kuinamia mbele, bawaba zikiwa puani. Fundi akiinua boneti, chochote kilicho chini ya mdomo hushuka kuelekea ardhini. Kibao cha hapo lazima nacho kiwe na bawaba, la sivyo kitapinda.

Jaguar walipata ufumbuzi rahisi mno. Walibandika namba juu ya boneti, utepe wenye herufi uliofuata mkunjo wa bati. Tazama picha za magari mawili ya kwanza yaliyoonyeshwa Geneva, lile la paa lenye namba 9600 HP lililopelekwa na Bob Berry, na lile la wazi lenye namba 77 RW ambalo Norman Dewis aliliendesha usiku kucha kutoka Coventry. Namba imelala juu ya pua. Hakuna tundu lililotobolewa, wala hewa iliyozuiwa. Mimi binafsi naona ni ufumbuzi wa werevu, ila una kasoro moja: namba iliyolala husomwa vizuri na ndege kuliko mtu aliyesimama barabarani. Mwaka 1968 mdomo wa gari hilo ulipanuliwa sana, kwa sababu ya joto na kwa sababu ya sheria za Marekani, na wapenzi wengi wakasema uzuri umeharibiwa.

Wengine walichukua njia nyingine. Kwa miaka mingi Italia ilitoa kibao kidogo kwa mbele na kikubwa kwa nyuma, na wachoraji wa Kiitalia wakachora pua zao wakikijua kibao hicho. Gari lao likiuzwa nchi nyingine na kupachikwa bati refu la huko, linaonekana kama mtu aliyevaa kofia ya kaka yake. Citroën ndio walionipendeza kuliko wote. Gari lao SM la mwaka 1970 lilikuwa na taa sita mbele, na namba ikawekwa katikati yake, yote nyuma ya kioo kimoja. Pale mchoraji hakungoja polisi amharibie kazi. Alianza na kibao, gari likafuata.

Na pikipiki je? Vijana mtashangaa kusikia kwamba Uingereza ilizitaka nazo ziwe na namba mbele mpaka mwaka 1975. Bati lilisimamishwa juu ya madigadi ya mbele, likielekea mbele kama upanga, na namba ikaandikwa pande zote mbili. Waingereza wenyewe waliliita kwa mzaha kikata wapita njia. Sheria iliyowekwa kumlinda mwenda kwa miguu ilikuwa imemnolea kisu. Ikafutwa, na ilistahili kufutwa.

Hata leo dunia haijakubaliana. Huko Marekani, Florida, Georgia, Michigan na Pennsylvania hutoa kibao cha nyuma tu, na Ohio ilijiunga nao tarehe 1 Julai 2020. California, New York na Texas zinataka viwili. Mwenye gari la spoti anayehama kutoka Florida kwenda Texas hulazimika kutafuta mahali ambapo mchoraji hakupaweka. Wengine hutumia sumaku, nayo hukwaruza rangi, na kwenye boneti ya aluminiamu haishiki kabisa. Wengine huweka kibao nyuma ya kioo cha mbele. Hilo la kioo nitalirudia.

Hapa kwetu sheria yataka namba mbele na nyuma, na mwenzetu analijua hilo kama mimi. Hoja yake si ya kupuuzwa. Gari lile ni kumbukumbu. Sisi tuliokuwa watoto miaka ile tunajua 240Z ni nini. Mwaka 1971 ndiyo iliyoshinda East African Safari mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller. Mwaka 1973, tukiwa Kidato cha Pili, ikashinda tena na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, baada ya kufungana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 180B. Tuliposikia matokeo redioni bweni zima lilipiga kelele hadi kiranja akatuandika. Kutoboa bati la gari kama lile kwa keekee ni kama kupiga msumari kwenye picha ya marehemu baba. Tena tundu likishatobolewa, rangi hupasuka ukingoni, maji huingia, na kutu huanzia hapo. Bati la magari ya Kijapani ya miaka ile lilipenda kutu.

Nakubali yote hayo. Lakini kuna jambo ambalo nilitaka kumkumbusha pale chini ya miembe, nikashindwa mbele ya watu.

Wa darasa letu hawajamsahau mpishi wetu, yule aliyekuwa akituachia ukoko wa wali siku za Ijumaa. Mwaka 1974, wakati wa kiangazi, alikuwa akirudi kwake jioni kwa baiskeli kwenye barabara ya vumbi iliyopita chini ya kiwanja cha mpira. Sisi tulikuwa mazoezini. Gari dogo jeupe likaja kwa kasi, likamgonga, likayumba, halafu likaenda zake. Tulikuwa vijana zaidi ya ishirini, macho makali, tumeliona likija kwa umbali wa mita mia mbili. Askari alipofika akauliza namba. Nyuma hatukuona kitu kwa sababu gari lilikuwa limeburuta wingu la vumbi. Mbele tuliona vizuri kabisa, na mbele hapakuwa na namba. Mmoja wetu alidai kuona kitu cheupe ndani ya kioo, lakini jua la jioni lilikuwa likimulika kile kioo na hakuna aliyesoma hata herufi moja.

Mpishi hakufa. Mguu ulipona ukiwa mfupi, na kazi ya kubeba masufuria hakuiweza tena. Mwenye gari hakupatikana hata leo.

Nalieleza hili si kwa kumsuta mwenzetu, ambaye aliwahi kuwa mmoja wa waliombeba mpishi kwa machela ya bendera za kona. Nalieleza kwa sababu vitabu vya nchi zenye lami havilisemi. Huko wanabishana kama namba ya nyuma inatosha. Kwenye barabara ya vumbi, gari linalokimbia hujifunika lenyewe kwa nyuma. Mtu wa kando ya njia ana nafasi moja tu ya kulijua, wakati linamjia.

Mwezi uliofuata mkutano nilimwandikia barua mwenzetu nikamkumbusha jioni ile. Hakujibu kwa wiki tatu, nikadhani nimemuudhi. Kisha akapiga simu, wala hakusema habari za mpishi. Aliuliza kama namjua fundi mzuri wa kuchomelea.

Tukaenda naye gereji. Kwa faida ya wenye magari ya aina hiyo, nieleze kilichofanyika. Katika 240Z mdomo wa hewa uko chini ya bampa, na kibao kikubwa cha mraba kikining'inia hapo kingefunika sehemu kubwa ya njia ya rejeta. Tukachagua kibao kirefu chembamba. Hatukutoboa bati hata mahali pamoja. Bampa ile imefungwa kwa bolti zake tangu kiwandani, kwa hiyo fundi alikata ukanda wa chuma bapa, akaukunja, akatoboa ukanda wenyewe, akaufunga kwa kuzipitisha bolti zile zile. Kibao kikakaa mara tu chini ya bampa, wima, kikiacha upenyo wa hewa juu na chini yake. Mtu akitaka kesho kulipeleka gari kwenye maonyesho, anafungua nati mbili na gari linabaki kama lilivyotoka Japani. Kazi yote ilichukua asubuhi moja. Miaka sita ya kulifufua gari, na asubuhi moja ya kulipa namba!

Hofu iliyobaki ilikuwa joto. Jumamosi iliyofuata tulilipandisha mlima mrefu, mchana, na gia ya tatu. Mshale wa joto ulisogea kidogo kupita katikati ukatulia hapo. Mwenzetu aliutazama zaidi ya alivyotazama barabara, nikamwambia hivyo. Tulipofika juu kibao kilikuwa kinagonga ukanda kwa mtetemo wa injini, kakaka-kakaka, akakasirika kana kwamba mimi ndiye niliyekitengeneza. Tukakata vipande viwili vya mpira wa ndani wa baiskeli, tukavisokomeza nyuma ya kibao, tukakaza nati. Kelele ikaisha. Anasema atakuja nalo mkutano ujao, na yule kijana, ambaye sasa atakuwa Kidato cha Tatu, aandaliwe mahali pa kusimama mbele.