Kabla Hujapunguza Matiti, Uliza Chuchu Italishwa na Nani

Shosti wa Ukunda, Diani, Msambweni, na hata wewe unayesoma hii ukiwa kwenye foleni ya feri Likoni: leo tuongee matiti, na si kwa utani. Kila nikigusia mambo ya mwili hapa, lazima dada mmoja aje inboksi kuniuliza upasuaji wa kupunguza matiti ni pesa ngapi. Bei ni swali la mwisho. Maswali ya kwanza yako kwenye historia, na historia yenyewe imepita karibu na sisi kuliko unavyofikiria.

Twaijua AMREF kwa zile ndege za kubeba wagonjwa. Ilianzishwa 1957 na madaktari watatu waliopanga mambo yao chini ya Mlima Kilimanjaro: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. Wachache wajua kuwa wote watatu walikuwa madaktari wa upasuaji wa plastiki. McIndoe ndiye aliyewatengeneza nyuso marubani walioungua Vita vya Pili vya Dunia. Lakini hata kabla ya hapo, mwaka 1939, yeye na Harold Gillies walikuwa wameandika kuhusu namna ya kupunguza matiti yaliyozidi ukubwa. Mwaka 1958 akaandika tena juu ya upasuaji wa matiti, safari hii na Rees. Kwa hivyo mtu akikwambia hii ni mambo ya mastaa wa Instagram, mwambie akasome.

Wala hao hawakuwa wa kwanza. Miaka elfu moja iliyopita kule Andalusia, Al-Zahrawi, daktari Mwislamu, alieleza jinsi ya kupunguza matiti ya wanaume. Ndiyo, wanaume. Wale makaka wanaoogelea Diani na fulana hawaivui wanajua naongea nini.

Ya wanawake ndiyo yaliyosumbua madaktari, manake kuna chuchu. Kukata nyama na ngozi si kazi ngumu sana. Kazi ni kuipandisha chuchu mahali papya bila kuikatia damu, la sivyo inageuka nyeusi na kufa. Mwaka 1922, Max Thorek wa Chicago alieleza njia yake: kata chuchu kabisa, punguza titi, halafu ishone tena juu kama kiraka. Mara nyingi ilishika, lakini maziwa kwaheri, na hisia nazo nyingi zikaenda. Mwaka 1930 Emil Schwarzmann wa Vienna akaonyesha kwamba ukibakisha tabaka la ndani la ngozi kuzunguka chuchu, mishipa midogo inaendelea kuilisha. Hapo ndipo mambo yalibadilika. Njia nyingi zilizokuja baadaye ni ubishi wa jambo moja tu: daraja la damu lipite juu, chini, au pembeni?

Halafu 1956 akaja Robert Wise, Mmarekani, akachora ramani ya kukata ngozi kwa kuiga vipande vya kushonea sidiria. Fundi cherehani yeyote angemwelewa. Mpaka leo wengi hutumia mchoro huo, na kovu lake lina umbo la nanga: linazunguka chuchu, linashuka, kisha linakaa kwenye mkunjo wa chini. Miaka ya 1990, Madeleine Lejour wa Brussels alieneza njia ya kuacha kovu la kushuka tu, bila ule mkono wa chini.

Sasa ukikaa mbele ya daktari usiulize tu "nitabaki saizi gani?" Muulize daraja la damu analipitisha wapi, na kama anapanga kuishona chuchu kama kiraka, kwa nini. Muulize kuhusu kunyonyesha. Wengi hunyonyesha baada ya upasuaji huu, wengine maziwa hayatoshi, na hakuna daktari mkweli atakayekupa hakikisho. Kwetu Kwale mtoto hunyonya hadi miaka miwili, na mama mkwe hatakosa la kusema, kwa hivyo fikiria hilo wewe mwenyewe kabla hajakufikiria yeye.

Kovu nalo usilichukulie poa. Ngozi nyeusi ina hatari kubwa zaidi ya keloidi, lile kovu linalovimba na kukua kupita kidonda chenyewe. Kama kutoboa sikio tu kulikuachia donge, mwambie daktari kabla hajashika wembe. Na sigara acha wiki kadhaa kabla na baada, shisha pia (ilipigwa marufuku 2017, lakini Diani twajuana), kwa sababu nikotini hubana ileile mishipa waliyoipigania tangu kina Thorek.

Kuna jambo jingine linanikera. Bibi zetu wa Kimijikenda walitembea na hando kiunoni, kifua wazi, na hakuna aliyegeuza shingo. Wakaja wapiga picha wa enzi za ukoloni, wakawafanya postikadi. Leo ni vijana wa bodaboda na komenti. Kama shida yako ni macho ya watu, kisu hakitawafumba. Lakini kama mikanda ya sidiria imechimba mabega, mgongo unauma kila siku na upele wa joto chini ya matiti hauishi, hiyo ni shida ya mwili, na anayekwambia "shukuru Mungu kakujalia" hajawahi kuyabeba.

Kama uko na miaka 16, subiri, bado yanakua. Mimba na unene pia vinaweza kuyarudisha.

Jina la daktari litafute kwenye orodha ya KMPDC, na uone kama ana ubingwa wa plastiki. Oktoba 2024 baraza hilo lilifunga kliniki moja ya urembo Nairobi baada ya mwanamke kufariki kufuatia upasuaji wa kunyonya mafuta. Na panga kurudi nyumbani: kama wiki 6 hubebi ndoo ya maji wala mtoto, hupandi boda kwenye barabara ya mashimo, na kidonda kikifunguka usiku daktari wako yuko ng'ambo ya feri. Jua mapema Msambweni au Ukunda utaenda kwa nani.