Mchoro kama Hoja: Utafiti na Utendaji katika Tashtiti ya Kisiasa ya Honoré Daumier, 1830–1835

Katika tasnifu za sanaa zinazounganisha utafiti na utendaji, mtahini hukabidhiwa vitu viwili: maandishi na michoro. Mara nyingi maandishi ndiyo husomwa kama hoja, ilhali michoro hutazamwa kama pambo lake au ushahidi wa ustadi wa mkono. Insha hii, iliyoandikwa na mwanafunzi wa uchoraji kuandamana na michoro yake ya tashtiti, inaupinga mgawanyo huo kwa kurejea Ufaransa ya miaka 1830 hadi 1835. Katika kipindi hicho swali la iwapo mchoro ni hoja lilifika mahakamani na bungeni, na majibu yake yaliwagharimu watu uhuru wao.

Mapinduzi ya Julai 1830 yalimng'oa Charles X na kumtawaza Louis-Philippe. Katiba iliyorekebishwa mwaka huo iliwapa Wafaransa haki ya kuchapisha maoni yao, ikatamka pia kwamba udhibiti wa machapisho hautarejeshwa kamwe. Novemba 1830 Charles Philipon alianzisha gazeti la La Caricature, na Desemba 1832 akaanzisha Le Charivari, lililotoka kila siku. Yote mawili yalitegemea litografia, yaani uchapaji wa jiwe. Mchoraji huchora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa. Jiwe hulowanishwa kwa maji, na wino wa mafuta hushika pale tu penye mchoro. Njia hii haikuhitaji fundi wa kuchonga baina ya mchoraji na karatasi, hivyo tukio liliweza kuchorwa na kuchapishwa likingali midomoni mwa watu.

Novemba 1831 Philipon alishtakiwa kwa kumkashifu mfalme. Katika kujitetea alichora sura nne. Ya kwanza ilifanana na Louis-Philippe. Kila iliyofuata ilibadilika kidogo, hata ya nne ikawa tunda la pea, ambalo jina lake katika Kifaransa cha mitaani humaanisha pia mtu mpumbavu. Kwa mpangilio huo aliihoji mahakama: ikiwa kufanana ni kosa, kosa laanzia mchoro upi? Waswahili husema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Hapa fumbo liliinasa sheria yenyewe, kwa kuwa aliyetaka kuliadhibu pea alilazimika kwanza kukiri kwamba amemwona mfalme ndani yake. Philipon alitiwa hatiani hata hivyo, lakini pea likaenea katika kuta za Paris.

Honoré Daumier, aliyezaliwa Marseille mwaka 1808, alikuwa kijana miongoni mwa wachoraji wa Philipon. Katika mchoro wake Gargantua wa mwaka 1831, mfalme ameketi kama jitu linalomezeshwa vikapu vya fedha vilivyokusanywa kwa maskini. Februari 1832 alihukumiwa kifungo cha miezi 6 na faini ya faranga 500, na Agosti mwaka huo akapelekwa katika gereza la Sainte-Pélagie. Mchoro huo una ujasiri mkubwa, ila uchunguzi wake ni mdogo: unatukana mwili wa mtawala bila kuonyesha utawala wake unavyofanya kazi.

Kilichofuata ndicho chenye uzito kwa mtafiti mtendaji. Kwa wito wa Philipon, Daumier alianza kufinyanga vichwa vidogo vya wabunge na watu wengine mashuhuri wa utawala huo. Vichwa 36 vya udongo usiochomwa, vilivyopakwa rangi, vimehifadhiwa leo katika Jumba la Makumbusho la Orsay, Paris. Sura hizo zilitangulia michoro ya jiwe iliyofuata, na mwaka 1834 zilikutana katika Le Ventre législatif, mchoro unaoonyesha safu za wabunge wanono, baadhi wakisinzia katika viti vyao. Dhihaka haielekezwi tena kwa mtu mmoja. Inaelekezwa kwa taasisi nzima, nayo imejengwa juu ya utazamaji wa sura moja baada ya nyingine.

Katika sehemu ya vitendo ya tasnifu hii, mtafiti aliirudia njia hiyo kwa kufinyanga vichwa sita vya viongozi wa kubuni kabla ya kuvichora. Picha ya kamera humpa mchoraji upande mmoja, ambao mpiga picha amekwisha kuuchagua. Udongo humlazimisha kuamua shingo inavyobeba kichwa na taya linavyoungana na sikio. Zaidi ya hayo, chumvi iliyotiwa katika sura hupimwa: pua inayochekesha kwa mbele tu, na kupoteza maana inapotazamwa kwa ubavu, ilikuwa mzaha wa mstari, haikutokana na kumwelewa mtu. Hapo kufinyanga kunakuwa njia ya kutafiti.

Mfano mzito zaidi ni Rue Transnonain, le 15 avril 1834. Wakati wa maasi ya Paris ya Aprili 1834, askari waliingia katika nyumba namba 12 ya mtaa huo na kuua wakazi wake. Mchoro wa Daumier unaonyesha chumba baada ya mauaji: mwanamume aliyevaa nguo za kulalia amelala chini kando ya kitanda, chini yake mna mtoto aliyekufa, na kiti kimepinduka. Hamna askari, hamna pea, wala sura iliyotiwa chumvi. Anwani inataja mtaa na tarehe, kama hati ya uchunguzi. Mchoro huo ulitolewa kupitia L'Association mensuelle, mpango wa michango ambao Philipon aliuanzisha ili kulipia faini za magazeti yake. Serikali ililitwaa jiwe na nakala ilizozipata.

Julai 1835 Fieschi alijaribu kumuua mfalme, na Septemba bunge likapitisha sheria iliyotaka kila mchoro uidhinishwe kabla ya kuchapishwa. Ili kuikwepa katiba, watetezi wa sheria hiyo walidai kwamba maandishi ni maoni, bali mchoro ni kitendo. Basi haukulindwa na haki ya kutoa maoni. La Caricature lilikoma kuchapishwa mwaka huohuo, na Daumier akageukia tashtiti ya maisha ya jamii.

Chuo kinachopokea michoro kama kiambatisho kisichohojiwa hakimfungi mtu, lakini kinashiriki msingi wa dai lile: kwamba fikra hukaa katika maneno peke yake. Kuupinga msingi huo kuna gharama kwa mchoraji pia. Mchoro ukiwa hoja, sharti uulizwe maswali ya hoja: umetegemea ushahidi gani, umetia chumvi wapi na kwa sababu gani, umeacha nini nje ya fremu. Gargantua hauyajibu vema maswali hayo. Rue Transnonain unayajibu. Michoro inayoandamana na insha hii inaletwa mbele ya watahini ipimwe kwa mizani hiyohiyo, na iangushwe pale itakaposhindwa kuyajibu.